Injini Iliyobebwa Mabegani

Nilipoolewa nilimkuta mume wangu ana mama na ana lori, na hao wawili hawakuwa wanapatana.

Lori lilikuwa la jeshi. Mume wangu alikuwa dereva vitani, akafika hadi Burma, na aliporudi alinunua moja kati ya yale yaliyochakaa ambayo jeshi lilikuwa linayauza. Rangi ya kijani ilikuwa inabanduka, mlango wa upande wangu ulifungwa kwa kamba ya katani, na kiti chetu kilikuwa magunia yaliyoshindiliwa nyasi. Kazi yetu ilikuwa kubeba asali na nta kutoka vijiji vya Sikonge kuleta Tabora mjini. Tukirudi tulipakia chumvi, sabuni, mafuta ya taa, na abiria waliokuwa radhi kukaa juu ya vitu hivyo vyote. Utingo wa lori lile nilikuwa mimi. Nilikuwa nashuka kuweka gogo nyuma ya tairi tukisimama mlimani, najaza maji kwenye rejeta, na kwenye madaraja ya miti natangulia kwa miguu kukagua kama boriti hazijaoza. Wenzangu niliokua nao kijijini walinihurumia. Mimi nilikuwa naona wao ndio wa kuhurumiwa, maana walikuwa hawaoni kitu zaidi ya kisima na shamba.

Mama mkwe aliishi nasi mtaa wa Mtendeni, hapo Tabora mjini. Alikuwa mwanamke mrefu, Mmoraviani wa kweli, asiyekosa kanisani hata siku ya mvua. Babake alikuwa mpagazi zamani za misafara, alikwenda Pwani na kurudi mara nyingi akiwa na mzigo begani, na mama alikua akisikia habari za njia ile kila jioni. Labda ndiyo maana lori halikumpendeza. Kwake, mtu mwenye miguu mizima kukaa juu ya magurudumu ulikuwa uvivu. Mimi alinipenda tangu siku ya kwanza, akawa ananiambia kwa utani kwamba nimeolewa uke wenza bila kuambiwa, kwa sababu mke wa kwanza wa mume wangu alikuwa lile lori.

Kusema kweli, lori lilikuwa linaumwa kabla sijaingia mle ndani. Injini ilikuwa inagonga. Tukipanda kilima ilisikika kama mtu anayepiga mlango akitaka kufunguliwa. Mume wangu alijua tatizo liko wapi: pale mkono wa pistoni unapokamata ule mhimili wa chini, beringi ilikuwa imelika. Beringi mpya haikupatikana Tabora, na ya kuagizwa ingechukua miezi. Basi akafanya walivyofanya vitani. Alikata kipande cha mkanda wake wa jeshi, ngozi nene nzuri, akakiloweka kwenye oili, akakivingirisha mahali pa beringi na kukaza. Kelele ikaisha. Tulikwenda safari kadhaa kwa mkanda ule, na ulipolika akakata kipande kingine. Mama mkwe alipouliza kwa nini mwanawe anafunga suruali kwa kamba, nikamweleza. Akasema hajapata kusikia injini inayokula mikanda, na kwamba ikimaliza mikanda itakula viatu.

Siku mkanda ulipotushinda, mama alikuwa ndani ya lori. Alikuwa amekwenda Sikonge kumwona dada yake mgonjwa, na dada alipopata nafuu hakukuwa na njia nyingine ya kurudi upesi. Alikaa katikati yetu, ameshikilia kikapu cha matobolwa aliyopewa na dada yake, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Nyuma tulikuwa na madebe ya asali na marobota ya nta. Tulikuwa tumeshalipita pori la mbung'o, tumeingia kwenye mbuga ambako watu wanafuga, na Tabora haikuwa mbali tena. Mume wangu alikuwa anapiga mluzi, na hiyo ilikuwa dalili njema, kwa sababu akiwa na wasiwasi alinyamaza.

Mluzi ukakatika. Nikasikia kugonga, halafu kugonga kwa nguvu zaidi, kisha mshindo kama nyundo imedondoka ndani ya pipa. Lori likasukasuka, likasogea kidogo kwa hisani tu, likasimama. Moshi mweupe ukatoka chini ya boneti. Mume wangu alishuka, nami nikashuka upande wangu kwa kufungua kamba. Oili ilikuwa inamwagika mchangani, nyeusi, na alipoinama kuchungulia aliona tundu ubavuni mwa injini ambalo ngumi yake ingeweza kupita. Mkono wa pistoni ulikuwa umekatika na kutokea nje.

Mume wangu aliketi kwenye bampa akajifuta mikono kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo. Mimi nilikuwa najua anachofikiria. Rafiki yake mmoja wa vitani alikuwa Mwanza akiendesha magari ya kampuni moja, na alikuwa amemwambia mara nyingi kwamba kazi ipo. Kama lori limekufa, mume wangu angekwenda Mwanza, na mimi ningebaki Mtendeni kumsubiri aje mara moja kwa mwaka kama wake za watu wengi wa pale mtaani. Nilihisi machozi yanakuja nikayazuia, maana mama mkwe alikuwa ananitazama.

Yeye alishuka taratibu, akazunguka mbele, akachungulia lile tundu. Nilidhani atasema neno kuhusu uvivu wa kukaa juu ya magurudumu. Badala yake aligawa matobolwa, kipande kwangu, kipande kwa mwanawe, akasema tule kwanza.

Tukiwa tunatafuna, akatokea mzee wa Kisukuma mwenye maksai. Alikuwa anatoka kukokota magogo ya mninga, na maksai wake walikuwa bado wamefungwa nira, na mnyororo ukiburuzika nyuma yao. Tulimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akalitazama lori, akawatazama maksai wake. Aliuliza kwa sauti ya upole kabisa kama gari limechoka. Mama mkwe akamjibu kwamba limepumzika tu, na kama ng'ombe wake wana nguvu za kweli wangeweza kulisindikiza mjini. Walitaniana hapo kwa muda, mzee akisema Wanyamwezi wamezoea kubeba, kwa nini wasilibebe, na mama akisema Wasukuma wamezoea kutembea nyuma ya mikia ya ng'ombe, basi leo watapata mkia wenye magurudumu. Mwishowe yule mzee alicheka, akakubali kwa ahadi ya debe la asali, akafunga mnyororo wake kwenye bampa.

Hivyo ndivyo tulivyoingia Tabora. Mume wangu alikuwa ameshika usukani, akitazama mbele kama dereva mwenye mwendo kasi, na maksai wakivuta kwa hatua zao wenyewe. Mimi nilitembea kando na gogo langu mkononi. Mama mkwe hakukubali kupanda tena. Alikwenda mbele pamoja na yule mzee, na tulipofika sokoni yeye ndiye aliyekuwa ameshika fimbo. Watu walitoka madukani. Mshona nguo mmoja barazani alisimamisha cherehani yake akamuuliza mume wangu kwa heshima kama gari hilo linatumia petroli au majani. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Nilimtazama mume wangu nikiogopa ataona aibu, nikamkuta naye mdomo unamcheza, na kufika nyumbani alikuwa anacheka hadi anapangusa macho.

Kicheko hicho kilitusaidia siku chache. Baada ya hapo ukaja ule ukimya wake. Alitoa injini akaifungua yote, akaweka vipande juu ya turubai uani, na kila fundi aliyepita alikuja kutazama na kutikisa kichwa. Fundi Kalasinga mwenye karakana karibu na stesheni, mtu mwenye kilemba na maneno machache, alipiga kile chuma kwa spana yake, akasikiliza mlio, akasema injini hii ya kuzika. Lakini aliongeza kwamba kule Urambo, mashamba makubwa ya karanga ya Waingereza yalikuwa yanapunguzwa, na mitambo inauzwa. Kulikuwa na malori ya aina ile ile yaliyokufa magurudumu na fremu huku injini zake zikiwa nzima.

Mume wangu alipanda treni ya Kigoma asubuhi iliyofuata. Nta yote ya msimu ule ilikwenda kwenye injini hiyo, na sikuijutia. Aliporudi aliniambia ameisikia ikinguruma kwa masikio yake kabla haijafunguliwa, na ilinguruma vizuri. Tatizo moja dogo, alisema, ni kwamba ilikuwa ya lori la baadaye kidogo, ndefu kuliko yetu. Kuhusu hilo dogo nitaeleza.

Injini ilifika kwa behewa la mizigo. Wachukuzi waliishusha wakaiacha pembeni mwa jukwaa, na mkuu wa stesheni akasema iondolewe siku hiyo hiyo kwa sababu shehena ya pamba ilikuwa njiani. Malori ya wafanyabiashara yote yalikuwa Nzega na Igunga kufuata pamba hiyo hiyo. Tulikodi mkokoteni. Watu walisaidiana, injini ikapandishwa, na mkokoteni ukaenda kama urefu wa nyumba tatu. Hapo magurudumu yakatanuka, moja huku na jingine kule, kama miguu ya ndama aliyezaliwa sasa hivi, na injini ikakaa chini katikati ya barabara. Mwenye mkokoteni alishika kichwa.

Mimi nilikimbia nyumbani kuchukua maji ya kunywa, nikamweleza mama mkwe. Alikuwa anachambua mchele. Aliniuliza injini ina uzito gani. Nikasema sijui, lakini wanaume sita walipata taabu kuinyanyua.

"Wameinyanyua kwa mikono?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Mzigo haubebwi kwa mikono, mwanangu," alisema. "Mzigo unabebwa kwa mabega na miguu."

Aliweka ungo chini, akajifunga khanga kiunoni, akatoka. Njia nzima kuelekea stesheni alikuwa anaingia nyumba za watu aliowajua, na alijulikana na kila mtu. Alikusanya wanaume wa kanisani, akamkusanya yule mshona nguo, akawakusanya vijana wawili waliokuwa wanacheza bao na mzee mmoja Mwislamu ambaye babu yake, kama baba wa mama, alikuwa mpagazi. Wote aliwaahidi wali na kuku. Kwa muuza mbao aliazima miti miwili mirefu, iliyonyooka.

Tulipofika barabarani alichukua usimamizi bila kuuliza mtu. Aliagiza injini ifungwe kamba za katani kwa chini, zipitishwe kwenye miti, na akayakagua yale mafundo moja moja. Akawapanga watu kwa urefu, warefu na warefu, wafupi na wafupi, ili mti usilalie mtu mmoja. Akawaambia watu wa kupokezana watembee kando, na anayechoka aseme kabla hajachoka. Halafu akasema anahitajika kirangozi, yule kiongozi aliyekuwa anatangulia msafara zamani na kuimba. Yule mzee Mwislamu alijitolea, akasimama mbele, akaanzisha wimbo wa safari ambao babu yake alikuwa anauimba. Sikupata kuusikia kabla ya hapo. Maneno yalikuwa ya Kinyamwezi, ya kuuliza nani ameona bahari, na waitikiaji wakajibu kwa pamoja kwamba wameiona.

Injini ikainuka. Nilishangaa ilivyoinuka kwa wepesi. Walipopata hatua moja, wote mguu mmoja, ilikuwa inaning'inia chini ya ile miti na kupembea kidogo kama mtoto mgongoni. Mume wangu alikuwa bega la mbele kushoto. Mama mkwe alitembea kando ya barabara akiwaita wapokezaji: wewe ingia, wewe toka, polepole kwenye mtaro. Watu waliosimama kutazama walijiunga kwenye kiitikio, na tulipoingia Mtendeni wimbo ulikuwa mkubwa kuliko injini. Wanawake walipiga vigelegele kama ni bibi harusi anayeletwa. Mimi nilikuwa nyuma na ndoo ya maji na kata, nawanywesha waliotoka begani, na nilikuwa nimesahau kabisa habari za Mwanza.

Walipoiweka uani, mama mkwe alikishika kile chuma kwa kiganja kama mtu anayeangalia joto la mgonjwa. Mume wangu alimwambia ahsante mama. Akamjibu kwamba baba yake asingekubali kuona mzigo umelala njiani, na akaingia jikoni kutimiza ahadi ya kuku.

Sasa ule urefu. Mume wangu alisimamisha magogo matatu, akayafunga juu, akaning'iniza mnyororo wa kunyanyulia alioazima kwa Kalasinga, wakaiteremsha injini mahali pake. Ikakaa vizuri nyuma, ikaungana na giaboksi, na mbele feni ikabusu rejeta. Hapakuwa na nafasi hata ya kupitisha jani. Ikabidi rejeta isogezwe mbele, na ikisogezwa boneti haifungi. Mfua chuma wa mtaa wa pili alifua vishikio vipya vya kuibeba rejeta. Mara ya kwanza alivifua kwa kipimo alichopewa na mume wangu, vikawa vifupi, nao wakagombania lawama kwa adabu asubuhi nzima, kila mmoja akisema kosa lilikuwa lake. Mara ya pili vilifaa. Boneti ilikatwa mbele, na lori likabaki na uso mpya, rejeta imetokeza kama mdomo wa mtu anayetaka kusema jambo.

Siku ya kuliwasha, watu waliobeba injini walikuja wote kana kwamba wanadai. Mume wangu aliingiza hendeli mbele akazungusha. Kimya. Akazungusha tena mpaka shati likamshika mgongoni. Mara ya mwisho injini ilipiga mshindo mmoja tu, mkubwa, ikatoa moto kwa juu, na kuku wote wa mama waliruka ukuta. Hendeli ikamrusha mume wangu mkono. Alikaa chini akiusugua, nikaogopa umevunjika, lakini ulikuwa umeteguka kidogo tu.

Nilimletea maji, tukatazama pamoja. Nilikuwa nimemsaidia kuunganisha nyaya za plagi, yeye akisoma mpangilio na mimi nikichomeka. Nilimuuliza kama mpangilio ule ulikuwa wa injini ya zamani au hii. Akafikiri, akasema wa zamani. Akafikiri tena. Kisha akanitazama, akaanza ule mluzi wake. Tulibadilisha nyaya mbili.

Mkono wake haukuweza kuzungusha, kwa hiyo yule mshona nguo alishika hendeli. Injini ilikohoa, ikatikisika, ikashika. Ilinguruma kwa sauti nzito, ya chini, tofauti kabisa na ile ya kugonga mlango. Watu wakapeana mikono wenyewe kwa wenyewe. Mama mkwe alisimama mlangoni pa jikoni, amekunja mikono, akasikiliza muda mrefu, kisha akasema kwamba hii inajua kazi yake.

Wiki ile ile tulikwenda Sikonge. Mama alikuja nasi ingawa dada yake alikuwa ameshapona kabisa. Kila tuliposimama na mtu akauliza kuhusu ule mdomo wa mbele, mume wangu alifungua kinywa kueleza, na mama akawa ameshaanza. Kwa jinsi alivyosimulia, wabebaji waliongezeka kutoka kijiji kimoja hadi kingine, na njia ya kutoka stesheni ikarefuka. Warina asali waliotusubiri walikuwa wamelimbikiza madebe mengi kiasi kwamba tulipakia mpaka juu, na lori lilipanda vilima vyote bila mimi kushuka na gogo hata mara moja.

Rafiki wa Mwanza aliendelea kutuma salamu. Mume wangu alimjibu kwamba ana kazi. Injini ile tulikaa nayo miaka mingi, ikabeba tumbaku, pamba, na wanafunzi wa shule wakienda likizo, na watoto wetu wawili walirudishwa nyumbani kutoka hospitali katika lori lile wakiwa wachanga.

Msimu uliofuata baada ya kupata injini ile, mkono wa mume wangu ulianza tena kumsumbua wakati wa baridi, akasema ni lazima nami nijue kuendesha. Alinifundisha kwenye njia ya kwenda Kwihara, ambako hakukuwa na magari mengi ya kugonga. Siku ya kwanza nilizima injini mara nyingi nikakata tamaa. Siku ya tatu au ya nne niliingiza gia bila kukwaruza, nikaenda, nikaendelea kwenda. Mama mkwe alikuwa pembeni yangu kwa sababu alitaka kushuka kwa rafiki yake huko mbele. Alitazama barabara, akatazama mikono yangu, akaniambia nikaze mwendo kidogo, kwa maana hata babake alikuwa anatembea haraka kuliko hivyo. Nyuma, juu ya magunia matupu, mume wangu alikuwa amejinyoosha, kofia usoni, amelala.